Kibuyu cha Kakakuona

Enzi wanyama walipocheza sataranji, Kakakuona alipambana na Kicheche, dau likiwa nyumba yake ya kichuguuni. Kila mmoja alitundikiwa kibuyu kinachodondosha maji wakati wa zamu yake tu. Chako kikikauka, umeshindwa.

Kakakuona alikuwa mwotaji. Hatua ya kwanza tu, aliwaona farasi wa ubaoni wakiogelea mawinguni, akawafuata kwa mawazo mpaka tone la mwisho likadondoka.

“Umeshindwa hata hujaanza, ndugu yangu,” alisema Kicheche, akahamia kichuguuni.

Baada ya kulowa mvua wiki nzima, Kakakuona aliomba marudiano kwa dau lilelile. Safari hii hatua nyepesi alizicheza upesi, maji akayatunzia ile moja ngumu. Ilipofika, alifumba macho, akaota taratibu, kisha akasogeza kete. Mfalme wa Kicheche akakosa pa kukimbilia.

“Kumbe leo hukuota?” aliuliza Kicheche.

“Nimeota,” alijibu Kakakuona kwa upole, “ila pale tu palipostahili.”