Kikapu cha Mwisho wa Mwezi

Njia nzima Kibwana alikuwa akiyapanga maneno: mwanangu, una miaka kumi na saba sasa, unasuka watu na wanakulipa, mzigo huu niutue. Tangu aachane na mama wa binti yake, kila mwisho wa mwezi alimpelekea binti matumizi kwenye kikapu: unga, sukari, mafuta, sabuni. Yeye aliishia mlangoni. Kikapu kilipelekwa ndani, kikarudi na ndimu mbili au andazi, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Alimkuta binti yake, Mwanahawa, barazani, kichwa cha mteja kikiwa magotini mwake. Hakuinuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Leo rudi nacho tu. Unga nimenunua, sukari ipo. Sasa najilisha mwenyewe, na mama namlisha."

Ni maneno yale yale aliyokuja nayo. Alidhani angeyafurahia. Badala yake akashika nguzo.

"Basi mwezi ujao nilete nini?"

"Usilete kitu, baba."

"Sasa nitakuja kwa lipi?"

Binti akavuta nywele, akasuka, akavuta tena. Mteja alifumba macho kama aliyelala.

Kibwana akachuchumaa. Akatoa unga, sukari, mafuta, sabuni, akavipanga kizingitini. Kikapu kitupu akakiegemeza ukutani, akashuka barazani mikono mitupu.

"Baba! Umesahau kikapu chako!"

Alisikia vizuri. Akaongeza mwendo, asije akakimbiliwa nacho.