Sauti ya Inspekta

Mume wangu Shekiondo alipopandishwa cheo kuwa Inspekta, walimwekea kooni ile sauti waliyo nayo mainspekta wote wa nchi hii: moja, nzito, isiyotetemeka. Mshahara ukapanda. Tukahama kota za chumba kimoja, tukapewa nyumba yenye jiko la ndani. Nani angelalamika?

Lakini mimi niliolewa na koplo mwenye sauti ya mikwaruzo. Akitoka zamu alianza kuniita tangu kule bombani, "Mama Sada, maji ya kuoga yapo?" hadi majirani wakacheka. Bafuni aliimba, na kila ubeti aliukosea. Siku hizi haimbi. Anasema sauti ya serikali haichezewi.

Jioni hii wali umeshaiva. Mlangoni mtu anasema, "Hodi humu ndani!"

Sada anaruka. "Baba huyo!"

Namshika mkono. Wiki jana sauti hiyohiyo ilibisha hodi kwa jirani, mke wa Inspekta Mhina. Alikimbilia mlango akicheka, akakuta mainspekta wawili wamevua kofia, wamekuja kumpa pole ya msiba wa mumewe.

"Hodi," sauti inarudia.

Nasogea hadi mlangoni, lakini komeo siligusi.

"Imba kwanza, Baba Sada."

Nje kimya.