Kanuni ya Mkeka

Kiharusi kilimfunga Bi Raya ulimi na mkono wa kulia, akawa hataki kitu tena, hata uji. Mkeka wa ukindu aliokuwa akiusuka ukabaki nusu. Bintiye Sabra, mwanafunzi wa kompyuta, aliukodolea macho mpaka akaiona kanuni yake: nyekundu huzaa nyeusi, nyeusi huzaa kijani, kijani huzaa nyekundu. Akaiandikia kompyuta, nayo ikachora mstari unaofuata.

"Ndio huu, mama?"

Bi Raya akatikisa kichwa kukataa, akafumba macho.

Machozi yakamlenga Sabra. Halafu akakumbuka: mama ana shoto, husuka kuanzia kulia! Akaigeuza kanuni, akachora upya.

Bi Raya akatazama. Akashusha pumzi ndefu. Mkono wa kushoto ukaanza kupapasa shuka, ukitafuta ukindu mwekundu.