Mistari Mifupi ya Baba

Nilikuwa nimeshachagua kurasa zote, bado kubonyeza tu, mistari iungane.

Ilikuwa simulizi ya maisha ya baba. Tangu apate kiharusi, daktari alimtaka aandike kila siku kwenye simu, kwa mkono ule ule uliopooza. Kila kidole kilipochoka, alianza mstari mpya. Nilipoyahamishia maandishi kwenye kompyuta, yalikuwa yamekatikakatika ovyo.

"Yaunganishe, mwanangu," alisema, ameshikilia mlango. "Watu watadhani niliandika na kwikwi."

Nilicheka, kisha nikaona. Mwanzoni kila mstari ulikuwa neno moja. Kadiri nilivyoshuka, mistari ilirefuka. Ule wa jana ulifika ukingoni mwa ukurasa.

Nikaondoa kidole.

"Baba, hebu njoo uone mwenyewe."

Akauachia mlango, akaja.