Pale Pale

Kahonzi alinibonyeza chini ya bega kwa kidole gumba, nikaruka juu ya mkeka.

"Pole, mwanangu. Ni pale pale pa Jumamosi iliyopita."

Kwa miezi mitatu mume wangu alinileta kwa mkandaji huyu wa kijiji cha Ganda. Hospitalini hawakuona kitu, ila mwili mzima uliniuma. Sasa, kwa kukandwa, kutembea alfajiri na kulala mapema, nilikuwa naweza kufua tena.

"Mwongo nikimbonyeza hukosea mahali pa kuumia," akasema. "Wewe hujakosea hata mara moja."

"Nani kasema naongopa, mama?"

Kidole kilisimama. Mafuta ya nazi yalinitiririka ubavuni, vuguvugu, hadi kwenye mkeka.

"Mumeo. Alitaka nikunase ukiongopa kuwa unaumwa, akawaambie wazee wako, akuache bila lawama."

Mume wangu akakohoa mlangoni.

"Mama Kahonzi, leo umeona nini?"

Aliuliza hivyo kila Jumamosi. Nami nilidhani anaulizia ugonjwa, nikamwombea dua.

Niliketi, nikajifunga leso kifuani.

"Ingia," nikamwambia. "Uniulize mimi."