Bibi wa Aya ya Kwanza

Kabla ya mapumziko ya saa nne, Mwalimu Radosveta Mineva alikuwa amekwisha kuzika mabibi saba. Wote walikufa kwenye aya ya kwanza. Mmoja alikufa ameshika sindano, mwingine glasi ya chai, wa tatu kitunguu kilichomenywa nusu. Baada ya mazishi, insha ziliendelea na mada iliyotolewa, ambayo ilikuwa faida za kusoma magazeti.

Alilisukuma rundo la insha kando. Alikunja uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

"Wanaua mabibi zao ili wapate alama," alisema.

Zahari, mwalimu wa historia, alikuwa akimenya yai juu ya meza ya walimu. "Si umewafundisha mwenyewe? Kila vuli unawasomea tangazo la mama yako."

"Lile ni la kweli."

Lilikuwa tangazo la tanzia, lenye picha, kama yale yanayobandikwa milangoni na kwenye nguzo za taa mji mzima wa Sevlievo. Radosveta alikuwa chuoni, jijini Sofia, mama yake alipofariki. Alipofika nyumbani alilikuta mlangoni: *Nevena Mineva amefariki Jumatano asubuhi, akiwa na unga mikononi.* Baba yake hakuongeza neno hadi naye alipokufa, na Radosveta hakumwuliza. Sentensi ile ilimtosha. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo, aliibandika upya mlangoni, na kila mwaka aliipeleka darasani. Tazameni, aliwaambia wanafunzi, hakuna machozi, hakuna mapambo. Mtu aliona, akaandika alichokiona. Insha huanza hivyo.

"Kesho ni siku ya mwisho," Zahari alisema. "Tupeleke ya Zornitsa, tumalize."

Shule iliruhusiwa insha moja kwenye mashindano ya taifa, na mshindi huingia chuo kikuu bila mtihani. Kwa Zornitsa, ambaye hesabu zilimshinda tangu utotoni, huo ulikuwa mlango pekee.

Radosveta aliisoma tena. *Bibi yangu Stoyna amefariki Jumanne, na kijiko mkononi mwake kilikuwa bado cha moto.* Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote kwenye rundo. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi.

"Huyu bibi nimemwona leo asubuhi sokoni," alisema. "Anabinyabinya pilipili na kugombana na muuzaji."

Zahari alilitia yai chumvi. "Basi amepata nafuu."

Radosveta hakucheka. Alimwita msichana kwenye korido.

"Bibi yako amekufa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na huoni haya?"

"Ulisema tumkamate msomaji ukosi tangu mstari wa kwanza."

"Kwa ukweli. Nilisema kwa ukweli."

Zornitsa alitazama viatu vyake. "Niondoe tu kwenye mashindano, Mwalimu. Lakini kwa bibi usiende. Tafadhali."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwamulia. Aliyeuawa ana haki ya kujua, Radosveta aliwaza, akaitia insha mkobani pamoja na kalamu nyekundu.

Mlangoni kwa Stoyna hapakuwa na tangazo lolote, ila alama za gundi za matangazo ya zamani. Mzee mwenyewe alifungua, mnene, mwekundu wa mashavu, amefunga aproni. Alimketisha mgeni jikoni bila kuuliza shida yake, akamwekea kisahani cha jamu ya waridi, kijiko na glasi ya maji.

"Haya, mwanangu. Zornitsa kafanya nini?"

"Amekuua, Bibi Stoyna." Radosveta aliitandaza insha mezani. "Nitaifuta mbele yako, na mashindanoni haendi. Lakini kwanza usikie mwenyewe."

Aliisoma aya ile polepole, bila kupamba sauti. Kisha akangoja. Mtu anayesikia kifo chake kikitajwa hujivuta sikio na kugonga mbao mara tatu ili kufukuza mkosi. Hata Zahari asiyeamini chochote angegonga. Stoyna hakugonga. Alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza kama anayeonja mchuzi.

"Cha moto?" alisema. "Nilimwambia aandike vuguvugu. Cha moto ningekidondosha."

Radosveta alikirudisha kijiko cha jamu kisahanini.

"Umemwandikia wewe?"

"Huyo na wenzake. Wanakuja hapa, wanakaa hapohapo ulipokaa, wanang'ata kalamu. Hawajui waanzeje." Mzee alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mimi kuanza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tangu usichana hadi nastaafu nilikuwa ofisi ya mazishi, meza ya matangazo. Watu wazima nao ni hivyohivyo. Wanaleta jina na picha, halafu kilio. Sasa mimi nikaona, mpe marehemu kitu cha kushika, na hakuna atakayekuuliza zaidi."

"Ni uongo." Radosveta alifungua kalamu nyekundu. "Umewafundisha watoto uongo mtupu, nao wanauleta kwangu kama ukweli."

Stoyna hakukasirika. Aliinamisha kichwa na kutabasamu kwa aibu, kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa.

"Zornitsa ananiambia kuna tangazo langu moja unawasomea kila vuli," alisema. "Baba yako alikuwa analia tu siku ile, hakunipa hata neno. Na mama yako mimi sikuwahi kumwona. Basi nikampa unga."