Mafundo ya Kamba

"Springi fupi ukishazifunga ndiyo basi, gari linashuka na kubaki hapo hapo," alisema fundi Ngwali. Akagonga shokapu za kurekebisha zilizokuwa juu ya meza. "Hizi unashusha kwa spana. Mzee akipona, tunapandisha. Chukua hizi, mama."

Bi Semeni aligeukia gari lao. Mumewe alikuwa amebaki garini, mlango wazi, miguu imelala kama si yake. Asubuhi jirani ndiye aliyempandisha kwa kumbeba.

"Zinashuka mpaka wapi?"

"Wewe unataka mpaka wapi?"

Akafungua pindo la khanga, akatoa kamba yenye mafundo matatu. Akaining'iniza kando ya mlango wa gari, ncha ikagusa sakafu ya gereji.

"Kabla ya mvua aliweza kuinua mguu mpaka hapa," alisema, akishika fundo la juu. Akateremsha kidole. "Mvua zilipokatika, hapa." Kidole kikafika fundo la tatu. Alilibana tu kwa kucha.

"Nifungie hizo za spana," alisema. "Nitakuwa nakuja kila mwezi, unashusha kidogo."

Ngwali akapiga goti kupima. Chini ya fundo la tatu kamba ilibaki shubiri moja tu kufika sakafuni.